Bi Asilimia na Kipimo cha Vigogo Watano

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi katika soko letu la hisa, mwenzetu wa kitengo cha takwimu anakabidhi kitambulisho, ufunguo wa kabati na kile kiti kinacholia kila kinapozungushwa, kisha anastaafu. Kwenye barua yake ya ajira ana jina refu na zuri, lakini humu ndani hakuna anayelitumia. Dereva wa ofisi alimbatiza Bi Asilimia katika mwaka wake wa pili kazini, siku alipomuuliza kama mvua itanyesha naye akajibiwa kwamba sitini kwa mia itanyesha. Tangu hapo hata barua zinazotoka nje huja na jina hilo.

Nimekaa kwenye meza inayotazamana na yake kwa miaka kumi na saba. Nilipoombwa niandike kurasa hizi kwa ajili ya ratiba ya sherehe, niliambiwa niandike mazuri tu. Nimejitahidi. Ila mhusika mwenyewe ni mtu ambaye akikuta sifa isiyo na ushahidi huiwekea alama ya kuuliza kwa penseli nyekundu, na ukurasa ukiisha anaurudisha. Kwa hiyo nitaandika yaliyotokea, na chumvi nitaiacha jikoni.

Alianza kazi kwenye ukumbi wa mauzo, enzi ambazo madalali walipigiana kelele uso kwa uso na bei za hisa ziliandikwa kwa chaki kwenye ubao mweusi uliofunika ukuta mzima. Alikuwa na shahada ya hesabu na mwandiko mzuri, na nadhani waliomwajiri walipendezwa zaidi na mwandiko. Kazi yake ilikuwa kupanda kwenye kijukwaa, kufuta bei ya zamani na kuandika mpya, kutwa nzima. Vumbi la chaki lilimjaa kwenye nyusi mpaka mume wake akawa analalamika kwa utani kwamba ameoa binti, lakini jioni anarudishiwa bibi kizee.

Hapo ubaoni ndipo alipoliona jambo ambalo wengine wote walilipita. Mwaka haujaisha, rangi ya ubao ilikuwa imebanduka kwenye mistari mitano kwa kufutwafutwa. Mistari mingine arobaini na kitu ilikuwa mipya kama siku ubao ulipopakwa, na baadhi yake bei ilikaa wiki nzima bila kuguswa na kitambaa. Soko lilikuwa na kampuni karibu hamsini, lakini biashara yenyewe ilikuwa inafanyika kwenye tano. Alikwenda kumwonyesha msimamizi wake. Msimamizi alitazama, akatikisa kichwa kwa masikitiko, akaagiza rangi.

Rangi ikapakwa, yeye hakunyamaza. Kompyuta zilipoingia na ubao ukang'olewa, alihamishiwa kitengo cha takwimu, kile chumba cha ghorofa ya pili ambacho dirisha lake linatazama ukuta wa jirani. Kila jioni soko lilitoa taarifa kwamba leo hisa za thamani fulani zimeuzwa na biashara imekua. Bi Asilimia akawa na swali moja tu, na hakuliachia: imekua kwa nani?

Wageni wasiojua mambo ya hisa aliwaeleza kwa kutumia chupa ya chai ya ofisi, na kwa bahati mbaya mfano wake nilikuwa mimi. Tuko watu kumi na wawili humu, alikuwa akisema, na jioni mhudumu anatangaza kwamba vimenywewa vikombe arobaini. Ukisikia arobaini unadhani ofisi nzima ina kiu. Kumbe huyu bwana hapa na wenzake wawili wamekunywa thelathini na kimoja, sisi wengine tumeambulia kimoja kimoja. Siku hawa watatu wakiugua, jiko linapoa. Wageni walicheka, wakanitazama, wakaelewa. Soko ambalo biashara yake yote imekusanyika kwa vigogo wachache linaonekana zima mpaka siku kigogo mmoja apate mafua. Na yule mwenye hisa za kampuni ndogo, siku anayotaka kuziuza alipe karo au matibabu, anakuta mlango uko wazi lakini hakuna mnunuzi.

Kipimo chake cha kwanza kilikuwa rahisi. Mwisho wa mwezi alichukua thamani ya hisa zote zilizouzwa, akaangalia katika kila mia, kampuni tano kubwa zimejizolea ngapi. Hao watano aliwateua kila Januari, kwa kutazama biashara ya mwaka uliokwisha. Mume wake ni fundi wa friji, na alimkatia vibao vyeupe vya bati kutoka kwenye milango ya friji zilizokwisha kufa. Kwenye vibao hivyo Bi Asilimia aliandika: benki, simu, saruji, vinywaji, umeme. Akavitundika kwenye misumari mitano juu ya meza yake. Siku ya kutundika ilikuwa na heshima zake, mithili ya kuapisha baraza la mawaziri. Tulikata keki na mtu mmoja alitoa hotuba. Kigogo akishatundikwa, hashuki mpaka Januari nyingine. Kwa miaka mingi hakuna aliyeona tatizo lolote katika utaratibu huo, na wa mwisho kuliona angekuwa mimi, kwa sababu nilikuwa nakula keki.

Asidhani mtu kwamba alikuwa hivyo ofisini tu. Nyumbani kwao kulikuwa na bafu moja, yeye na mume wake, mabinti wawili na mama mkwe. Asubuhi ilikuwa vita. Badala ya kupiga kelele kama mama wengine, alipima. Mwisho wa mwezi aliitisha kikao cha familia akatangaza kwamba katika kila dakika mia za bafu, arobaini na sita zinachukuliwa na baba mwenye nyumba. Mabinti walishangilia. Mama mkwe, ambaye siku zote alimtetea mwanawe, alisema kwamba yeye alijua tangu mwanawe akiwa mdogo. Fundi wa friji alikata rufaa, akashindwa, akajenga bafu la pili uani.

Kupima ni jambo moja, kutangaza ni jambo jingine. Bi Asilimia alitaka namba yake itoke kwenye ripoti ya kila mwezi ya soko, mahali ambapo mtu yeyote angeiona kabla ya kununua. Mkurugenzi wa kwanza alisema itawachanganya watu. Wa pili alicheka. Mkuu wa habari, ambaye sote tunamwita Kaka Tabasamu kwa sababu hakuna picha ya soko hili ambayo hayumo akionyesha meno, aliipinga waziwazi.

"Dada, hii namba inatutia aibu," alimwambia. "Nani atakuja kununua kwetu tukimwambia duka lina rafu hamsini, zenye bidhaa ni tano?"

"Atakuja anayejua anachokuja kununua," Bi Asilimia akamjibu, akaendelea na kazi yake.

Alikuwa akiliwasilisha ombi lake kila mwaka, na kila mwaka lilirudi. Wengine tulikwisha kumzoea, tukawa tunamuuliza kwa utani kama msimu umefika. Yeye hakukasirika wala hakupunguza kasi. Mkurugenzi wa tatu, mtu wa maneno machache, ndiye aliyekubali hatimaye, tena kwa masharti. Namba ingetoka kwa mwaka mmoja wa majaribio, kwa wadau waliochaguliwa. Ikienda sawa, itaingia kwenye ripoti moja kwa moja. Ikituaibisha, itafutwa, na kitengo cha takwimu, yaani yeye na mimi, kitahamia chini ya Kaka Tabasamu. Bi Asilimia alikubali kabla mkurugenzi hajamaliza kusema.

Mwaka ule ulianza na sabini na nane. Yaani katika kila mia ya biashara, vigogo watano walichukua sabini na nane, na kampuni nyingine zote ziligawana ishirini na mbili. Kisha mambo yakaanza kuwa matamu. Namba ikashuka hadi sabini, ikashuka hadi sitini na moja, na kufika Oktoba ilikuwa hamsini na mbili. Vigogo walikuwa wanaachia! Kaka Tabasamu, aliyekuwa haijui ngazi ya kuja kwetu, akawa anapanda kutusalimia na biskuti mkononi. Yeye ndiye aliyependekeza hafla. Mabango yakachapwa yenye maneno makubwa: Soko la Wote. Walialikwa wadhamini wa mfuko wa akiba ya uzeeni wa walimu, ambao mwenyekiti wao, mwalimu mkuu mstaafu, alikuwa amesema wazi kwamba biashara ikienea kweli, mfuko utaanza kununua hisa za kampuni ndogo. Mkurugenzi alidokeza kwamba siku hiyohiyo atatangaza kipimo kimeingia kwenye ripoti kwa kudumu. Mimi nilishanunua tai.

Ilibaki kazi ndogo. Kaka Tabasamu alitaka mkubwa wa kampuni ndogo mmoja asimame kwenye hafla atoe ushuhuda, aeleze jinsi hisa zake zinavyogombaniwa siku hizi. Alhamisi asubuhi Bi Asilimia akapiga simu kiwanda cha sabuni. Nilimsikia akisalimia kwa furaha na kuuliza hisa zao zinakwendaje.

"Hisa zetu, mama?" katibu wa kiwanda alimwambia. "Mwezi huu hajatokea mtu. Mimi nilivyoona namba yenu kwenye simu nilidhani mnatufukuza sokoni."

Akapiga kiwanda cha viatu. Huko nako kimya. Akapiga kwa watengeneza magodoro. Hao walikuwa na habari njema: hisa zao zimeuzwa mara mbili, zote zikanunuliwa na shemeji yake meneja.

Akaweka simu chini, akainua macho kwenye vibao vyake vitano vya bati. Akaniambia, "Mdogo wangu, vigogo wamepoteza ishirini na sita. Wadogo hawajaziona. Nani kaziokota?"

Jibu halikutuchukua muda, na ndilo lililoniuma zaidi, kwamba lilikuwa hapohapo siku zote. Kulikuwa na kampuni ya mbolea iliyoingia sokoni mwezi Machi, vibao vikiwa vimekwisha kutundikwa na keki imekwisha kuliwa. Haikuwa kampuni kubwa kwa mali yake, lakini hisa zake zilikuwa zimeshikwa na homa. Watu walinunua asubuhi wakauza jioni. Peke yake ilikuwa inachukua thelathini na moja katika kila mia. Kwa kuwa haikuwa na kibao, kipimo chetu kiliihesabu pamoja na wadogo. Ndiyo maana ilionekana biashara imeenea. Ukweli ni kwamba ukiichukua mbolea na kumtoa kigogo mdogo kuliko wote, watano wa juu walikuwa na themanini, zaidi ya pale tulipoanzia. Na wadogo halisi, wale wa sabuni, viatu na magodoro, walikuwa wameshuka kutoka ishirini na mbili hadi kumi na saba. Ni kama angewateua wanywaji wa chai Januari, mimi nikaajiriwa Machi.

Kosa lilikuwa la kwake, na halikuwa la kujumlisha. Lilikuwa kwenye utaratibu wenyewe, ule wa misumari na vibao, alioubuni na kuupenda. Hakuna mwingine aliyelijua. Hafla ilikuwa Jumatatu.

Nitasema nilichokiona, kwa sababu hiki ndicho kilichonifanya nikubali kuandika. Chini ya meza yake Bi Asilimia alikuwa na ndala za kukalia na viatu vya kwendea kwa wakubwa. Kwa miaka yote hakuwahi kupanda ghorofa ya nne bila kubadilisha. Siku ile alipanda na ndala.

Nilimfuata nikiwa nimebeba karatasi za hesabu. Mkurugenzi alisikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu mbaya, na alichosema hakikuwa cha kipuuzi.

"Januari si hiyo hapo mlangoni?" akauliza. "Utaitundika hiyo mbolea, namba itajirekebisha yenyewe, na hakuna atakayeuliza. Kipimo kitakuwa kimeshaingia kwenye ripoti. Si ndicho ulichokitaka miaka yote?"

"Ndicho," akasema Bi Asilimia. "Lakini Januari mfuko wa walimu utakuwa umeshanunua sabuni. Siku wakitaka kuuza, watamuuzia nani?"

Mkurugenzi akamkumbusha masharti. Naye akajibu, na sauti yake haikuwa imetulia kama maneno yake: "Mkurugenzi, masharti nayakumbuka. Niliyakubali nikiwa na akili zangu."

Kaka Tabasamu aliitwa, akashika kichwa. Akalia kwamba mabango yameshachapwa. Bi Asilimia akamwambia ayageuze, kwa kuwa upande wa pili hauna maandishi. Nilitamani kucheka lakini hapakuwa mahali pake.

Jumatatu wageni walifika, wakaketi mbele ya ukuta mtupu. Bi Asilimia alisimama akataja namba tuliyowapelekea, hamsini na mbili, akasema si ya kweli. Akataja ya kweli, themanini. Akaeleza kosa limeingia wapi, polepole, bila kutumia neno la kujificha nyuma yake. Nilimwonea huruma mpaka nikawa natazama viatu vyangu. Alipomaliza, yule mwalimu mkuu mstaafu alinyanyua mkono akauliza maswali mawili tu. Nani amelifanya kosa hili? Mimi, akasema Bi Asilimia. Nani amelikuta? Mimi. Mwalimu akatikisa kichwa kukubali, akafunga mkoba wake, akasema mfuko hautanunua mwaka huu. Wale wengine waliondoka bila kugusa vitafunwa.

Mkurugenzi alitimiza neno lake, kama naye Bi Asilimia alivyotimiza la kwake. Kipimo kikafutwa. Sisi wawili tukahamishiwa habari, na kwa miaka minne mwanamke mwenye shahada ya hesabu aliandika maelezo ya picha za Kaka Tabasamu: kutoka kushoto, fulani, fulani na fulani. Hakuna aliyewahi kupanga kushoto na kulia kwa uaminifu kama yeye. Siku ya kuhama aling'oa vibao vyake vya bati mwenyewe, msumari mmoja baada ya mwingine. Nilijua inamuuma. Nilidhani pia kwamba ndiyo basi.

Haikuwa basi. Wiki haijaisha alimwomba mkurugenzi ruhusa ya kuendelea kuhesabu, kazi ya picha ikishakamilika, na kumpelekea namba mtu yeyote atakayeiomba kwa barua. Mkurugenzi aliona hakuna atakayeomba, akaruhusu. Bi Asilimia akakibomoa kipimo chake akakijenga upya. Vigogo sasa walipatikana kila mwezi, kwa biashara iliyofanyika mwezi huohuo, hakuna kuapishana. Na kwa kuwa hakutaka tena kunaswa na kampuni ambayo hakuitazama, aliongeza kipimo cha pili kinachozitazama zote. Unachukua sehemu ya kila kampuni katika mia, unaizidisha kwa yenyewe, kisha unajumlisha. Kampuni yenye kumi inakupa mia moja, yenye thelathini inakupa mia tisa. Ukubwa ukizidi mara tatu, kelele zinazidi mara tisa, kwa hiyo kigogo hawezi kujificha popote. Alipokuwa akinieleza hayo uso wake ulirudi kuwa ule niliouzoea, nikajua mtu wangu yupo.

Mwezi wa kwanza barua ilikuja moja, ya yule mwalimu mkuu mstaafu. Mwezi wa pili ikaja hiyohiyo. Mtu mwingine angesema namfanyia kazi hii mwalimu mmoja tu? Yeye alihesabu kana kwamba anaisubiri dunia nzima. Kidogo kidogo madalali wakaanza kuandika, kisha mabenki, kisha vyuo. Hatukuwahi kuitangaza.

Mwaka wa nne kampuni ya mbolea ilishindwa kutoa hesabu zake, na uuzaji wa hisa zake ukasimamishwa. Siku hiyohiyo biashara ya soko zima ikapungua karibu theluthi nzima. Kampuni moja! Waandishi wa habari walijaa getini wakiuliza soko linawezaje kuanguka kwa ajili ya mbolea, na wenye hisa wengine nao wakaanza kukimbia. Kaka Tabasamu alikuja kwenye meza yetu, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu alikuja na mdomo uliofungwa.

"Dada," akasema, "ile namba yako... unayo?"

Bi Asilimia alikuwa nayo, ya kila mwezi, kwa miaka yote minne. Alimpa, akamweleza jinsi ya kuisoma, akamwambia asiwafiche kitu. Hakusema nilikuambia, wala hakuinua nyusi. Mimi ningemsimanga kidogo, nakiri. Kaka Tabasamu alishuka getini akawasomea waandishi namba yote, na maswali yakapoa, kwa sababu watu wanaogopa zaidi wasichokijua. Mfuko wa walimu haukuwa na hisa hata moja ya mbolea. Mwenyekiti wao aliandika kwa bodi kwamba hawatanunua chochote hapa mpaka namba ile itoke kila mwezi, kwa wote, kwenye ukurasa wa kwanza. Kwenye kikao cha bodi aliyeitetea kwa nguvu zote alikuwa Kaka Tabasamu, na watu wanasema aliyatoa maneno ya Bi Asilimia kama yalivyo, hata lile la mnunuzi anayejua anachokuja kununua. Namba ikarudi, kitengo kikarudi, nasi tukarudi kwenye dirisha letu linalotazama ukuta.

Tangu hapo amefundisha vijana wengi, na wawili kati yao ndio wanaomrithi. Wakimletea jibu, haulizi wamelipataje. Anawauliza wameacha kumtazama nani. Mara mbili wamempata na kosa, na mara zote mbili aliwanunulia chakula cha mchana, jambo ambalo hajawahi kunifanyia mimi. Masoko mengine yameomba utaratibu wake, naye amewapa pamoja na habari nzima ya vibao vya bati, ili wasirudie.

Sasa nifike kwenye wiki hii, kwa sababu ratiba hii ilikuwa imeshapangwa ikabidi niifungue tena.

Hesabu ya mwezi, ya mwisho kufanywa na mkono wake, imetoka themanini na nne. Ni kubwa kuliko zote tangu alipoanza kupima. Miaka thelathini na mmoja, na biashara imekusanyika kwa wachache zaidi ya siku ile alipokuwa anafuta chaki. Vijana walimletea wakiwa wamenyong'onyea, wakasema labda wamekosea. Alipitia kila mstari. Hawakuwa wamekosea. Nilimuuliza kama inamuuma. "Inaniuma sana," akasema, akaisaini.

Kaka Tabasamu, ambaye siku hizi ndiye mkurugenzi wetu, alishuka mwenyewe hadi ghorofa ya pili. Safari hii hakutaka kuficha, na sote tunajua hilo. Alimpenda mtu wake tu. Alisema ripoti inatoka siku ya sherehe, wageni watakuwa wanaisoma mezani, na si vizuri mtu aagwe huku watu wananong'ona kwamba kazi yake haikubadilisha kitu. Akaomba isogezwe wiki moja, Bi Asilimia akishakwenda zake kwa furaha.

"Kaka yangu, sherehe ni yangu," akamwambia. "Namba si yangu. Itoke."

Imetoka asubuhi hii. Iko kwenye ukurasa wa kwanza, themanini na nne kwa mia, na chini yake kuna saini ya mkurugenzi. Saa mbili baadaye mfuko wa walimu ulipiga simu kuomba kikao na bodi kuhusu jinsi ya kuwaleta wanunuzi kwa kampuni ndogo, na viwanda vitatu vidogo vimeomba kuwepo. Kikao kimepangwa Jumanne ijayo. Yeye hatakuwepo, na hilo linatutisha kidogo, nisidanganye.

Bi Asilimia, dada yetu, kwa niaba ya wote uliowafundisha, uliowasahihisha na uliowanyima usingizi kwa penseli nyekundu, tunakushukuru. Tunamshukuru pia shemeji yetu fundi, mabinti na mama, waliokuazima kwetu kwa miaka yote hii. Tunakutakia maisha marefu yenye afya, asubuhi zisizo na haraka, na watu wa kukupenda pembeni yako. Mwezi ujao tutahesabu bila wewe. Ikishuka tutakupigia simu tukiwa tunaimba. Ikipanda tutakupigia vilevile. Kwa vyovyote itakavyokuwa, namba itatoka.